Bastola Ndogo Itiwe Risasi Gani?

Ingia duka lolote la silaha hapa Texas ukiwa mwanamke wa makamo, mfupi, bado umevaa sare za hospitali, useme unatafuta kitu kidogo cha kujilinda. Muuzaji atainama kwenye kabati la kioo akutolee rivolva, ile bastola ya silinda inayozunguka, nyepesi kuliko zote alizonazo. Ataiweka kiganjani mwako, utashangaa ilivyo nyepesi, utatabasamu, na biashara itakuwa imekwisha kabla hujauliza swali la maana. Akiwa mtu wa kupenda kuuza ghali atakutolea ile ya risasi kali ziitwazo .357 Magnum, akuambie kwamba humo unaweza kutia hata .38 Special, ambazo ni risasi za nguvu ndogo zaidi, kwa hiyo umepata mbili kwa bei ya moja.

Mimi hukutana na bastola hizo baadaye, uwanjani. Nafundisha kupiga shabaha mwishoni mwa wiki, na wengi wanaokuja kwangu ni watu wetu: Wakenya wa Arlington, Wakongo wa Fort Worth, Watanzania waliotawanyika kila pembe, wauguzi wa zamu za usiku, madereva wa malori, wenye maduka ya simu. Mwenye bastola anafyatua mara ya kwanza, anakunja uso. Mara ya pili anafumba macho kabla hajavuta. Ikifika ya tano risasi inapita chini ya karatasi na kuchimba mchanga, na mtu ananiuliza kama duka litakubali kuipokea tena.

Kwa hiyo nianze na ninachokiamini, halafu nieleze. Kwenye rivolva ya mfukoni, ile yenye mtutu wa inchi mbili hivi na vyumba vitano vya risasi, huwezi kuchagua kaliba, yaani aina na upana wa risasi, peke yake bila kuangalia uzito wa bastola na mkono utakaoishika. Kwa mikono mingi ninayoiona, jibu ni .38 Special ya nguvu ya kawaida ndani ya bastola isiyokuwa nyepesi kupita kiasi. Mikono yenye maumivu, .32. Na .357 Magnum ni risasi nzuri sana iliyotengenezewa bastola kubwa. Huko ndiko ikae.

Ya sheria niyapitie haraka, kwa sababu naulizwa kila mara. Tangu Septemba 1, 2021 Texas haidai kibali cha kubeba bastola kwa mtu wa miaka 21 na kuendelea ambaye sheria haijamzuia kumiliki. Lakini sheria ya shirikisho iko palepale. Mwenye grini kadi anaweza kununua. Mwenye viza ya muda, ya masomo au ya matembezi, kwa kawaida haruhusiwi kuwa na bastola wala hata risasi peke yake, na kudanganya kwenye ile fomu ya dukani ni kosa la jinai la shirikisho. Ukiwa na shaka, lipa wakili kabla hujalipa duka. Nyumbani mambo ni mengine kabisa: Kenya na Tanzania silaha ya raia ni ya leseni, unahojiwa, unachunguzwa, na lazima useme unaitakia nini. Nitakayosema hapa yanamhusu zaidi aliye Marekani, ambako kabati la kioo liko wazi na hakuna anayekuuliza kama umefikiri.

Sasa risasi zenyewe. Mwaka 1898 wenye kiwanda cha bastola cha Smith & Wesson waliichukua .38 Long Colt ya jeshi la Marekani, wakarefusha ganda, wakaongeza baruti, wakaiita .38 Special. Miaka michache baadaye ile ya jeshi ikaingia aibu. Ilipelekwa Ufilipino, na kule kusini, kwenye mapigano na Wamoro, maofisa wakawa wanaripoti kwamba mtu anapigwa risasi zaidi ya moja na bado anafika na panga lake. Mwaka 1904 jeshi likawatuma maofisa wawili, Thompson na La Garde, wakafyatulie risasi ng'ombe hai kwenye machinjio ya Chicago, na maiti za watu pia. Ng'ombe wenyewe walikuwa wachache na utaratibu ulikuwa ukibadilika katikati ya kazi, lakini hukumu ikatoka: jeshi lisikubali kaliba iliyo chini ya .45. Kutokana na hukumu hiyo ikaja bastola ya Colt ya mwaka 1911, na pamoja nayo imani ambayo Mmarekani anairithi kama jina la ukoo, kwamba namba ikiwa kubwa usalama ni mkubwa. Utaisikia kutoka kwa muuzaji, kwa jirani, hata kwa mchungaji.

Namba hizo zina mchezo wake. Risasi ya .38 Special haina upana wa inchi .38, ina .357, yaani milimita 9 na nukta moja. Ndiyo ileile ya .357 Magnum. Magnum ilipotoka mwaka 1935, ganda lake lilirefushwa milimita 3 na kidogo, makusudi, ili lisiweze kuingia kwenye rivolva za zamani za .38 na kuzipasua. Maana shinikizo ndani ya ganda si la kufananisha: kiwango cha juu cha .38 Special ni pauni 17,000 kwa kila inchi ya mraba, na cha .357 Magnum ni 35,000. Kwa hiyo muuzaji anasema kweli, bastola ya .357 inapokea .38 bila tatizo. Anachokisahau ni kwamba mteja akishaijua raha ya .38 kwenye bastola hiyo, Magnum haitarudi humo tena, na amelipia nguvu ambayo hataitumia.

Fikiria uzito. Smith & Wesson Model 36, rivolva ya chuma ya vyumba vitano ambayo kizazi cha kwanza kilioneshwa kwa wakuu wa polisi mwaka 1950 ikapewa jina la Chiefs Special, ina gramu 550 hivi. Model 642, ya alumini, isiyo na nyundo ya kuonekana, ambayo huenda ndiyo ninayoiona mara nyingi kuliko nyingine yoyote kwenye mikoba ya akina mama, ina gramu 410. Ruger LCR ya .38, iliyotoka mwaka 2009, haifiki 400. Halafu kuna 340PD, ya aloi ya skandiamu na silinda ya titani, yenye gramu 340 tu, na hiyo ndiyo iliyoandikwa .357 Magnum ubavuni.

Aliyekulia pwani anajua kinachotokea ukiruka kutoka kwenye mtumbwi kwenda gatini: mtumbwi unakimbia nyuma, na kadiri ulivyo mdogo ndivyo unavyokimbia. Jahazi hata halijui kwamba umeshuka. Bastola ni hivyohivyo. Risasi ya gramu 10 ikitoka kwenye mtutu wa inchi mbili kwa mita 230 kwa sekunde, ambao ndio mwendo wa .38 ya kawaida, bastola inarudi nyuma kwa kiasi. Risasi yenye uzito uleule ikitoka kwa zaidi ya mita 320 kwa sekunde, huku baruti nyingi zaidi ikilipuka nyuma yake, na bastola yenyewe ina karibu theluthi mbili tu za uzito wa ile ya chuma, nguvu inayofika kwenye kiganja inazidi mara tatu. Ukitaka kufanya hesabu mwenyewe, chukua mwendo mara uzito wa risasi, gawanya kwa uzito wa bastola, kisha kumbuka kwamba nguvu ya kuumiza inapanda kwa mraba. Ukikataa hesabu, muulize aliyejaribu.

Kiwanda chenyewe kimeweka mipaka. Kwenye mtutu wa 340PD wamechonga onyo kwamba usitie risasi ya Magnum yenye uzito chini ya grani 120, ambazo ni kama gramu 7.8. Na tatizo lingine la bastola nyepesi hivi halimo kwenye matangazo: zinaruka nyuma kwa kasi kiasi kwamba vichwa vya risasi zilizobaki ndani ya silinda vinaweza kung'olewa kidogo kutoka kwenye maganda yao. Kikichomoza kimoja mbele ya silinda, silinda haizunguki. Unabaki na kipande cha titani cha bei mbaya ambacho hakifyatuki, katika ile dakika pekee uliyokinunulia.

Kuna na kelele. Bastola zote zinavuka desibeli 140, kiwango ambacho sikio linaweza kudhurika kwa mara moja tu, lakini Magnum kwenye mtutu mfupi, ndani ya korido ya apatimenti, usiku, ni jambo la aina yake. Sehemu ya baruti inaunguzwa nje ya mdomo wa mtutu na inageuka mwanga mbele ya macho yako yaliyokuwa yamezoea giza. Sijui mtu anayefyatua hiyo kwa hiari yake mara ya pili bila vizuia sauti masikioni.

Watu wakifika hapa huniuliza: sawa, basi .38 ya kawaida itamzuia mtu? Swali hili lina historia yake, na historia hiyo ina damu ya kweli. Aprili 11, 1986, huko Miami, maofisa wanane wa FBI walijaribu kusimamisha gari la majambazi wawili, Michael Platt na William Matix. Mapema kwenye mapigano hayo risasi ya milimita 9 ilipita mkono wa kulia wa Platt, ikaingia kifuani, ikasimama kabla ya kufika moyoni. Lilikuwa jeraha kubwa, na bado Platt aliendelea kupigana kwa dakika kadhaa na kuua. Maofisa wawili, Benjamin Grogan na Jerry Dove, walikufa siku ile. Aliyemaliza kazi ni Edmundo Mireles, mkono mmoja umevunjwa na risasi, kwa kuwaendea majambazi na rivolva mkononi.

Nataka msomaji asimame kidogo hapo. Rivolva ya Mireles ilikuwa ya .357 Magnum, lakini ndani yake zilikuwamo .38 Special za nguvu ya ziada, zile zenye alama ya +P, kwa sababu FBI walikuwa wakizitumia hizo. Kwenye simulizi la vijiweni vya bunduki, Miami imekuwa hadithi ya kaliba ndogo iliyoshindwa, na FBI wenyewe walikwenda kwenye milimita 10, kisha .40, kabla ya kurudi kwenye milimita 9 karibu miaka 30 baadaye. Ile .38 iliyofunga mjadala pale barabarani watu wanaisahau.

Jambo la kudumu lililotoka Miami ni kipimo. FBI walikaa na wataalamu, akiwamo Martin Fackler, daktari wa upasuaji wa jeshi aliyetumia miaka mingi kuchunguza majeraha ya risasi, wakakubaliana kwamba risasi ya bastola haimwangushi mtu kwa kishindo. Inamzuia kwa kufika mahali: moyo, mishipa mikubwa, uti wa mgongo, ubongo. Kwa hiyo lazima iwe na uwezo wa kupenya kiasi cha kutosha hata ikipita mkono kwanza. Wakaweka kiwango, inchi 12 hadi 18 ndani ya jeli maalumu, yaani sentimita 30 hadi 46. Upana wa tundu unakuja baada ya hapo. Yaliyobaki yote, kishindo na nguvu na hadithi za mtu kurushwa nyuma ukutani, ni ya sinema.

Ukiishika hesabu hiyo, rivolva ndogo inaeleweka. Risasi za kisasa za kujilinda zina tundu kichwani ili zikiingia mwilini zifunguke. Kufunguka kunataka mwendo, na mtutu wa inchi mbili unanyima mwendo. Isitoshe, tundu lile likipita kwenye kitambaa cha jinzi linajaa nyuzi na linaziba. Risasi nyingi zinazofunguka vizuri kwenye picha za pakiti zilipigwa kutoka kwenye mtutu mrefu zaidi. Kwenye rivolva ya mfukoni zinapita kama kokoto la kawaida, au zinafunguka mapema na kusimama kabla ya sentimita 30. Zipo zilizotengenezwa kwa ajili ya mtutu mfupi. Speer Gold Dot ya grani 135, +P, ilitengenezwa kwa mahitaji ya polisi wa New York, ambao wengi wao walikuwa bado wanabeba .38 ndogo nje ya kazi. Kiwanda kingine cha risasi, Federal, nao wana HST yao ya grani 130. Hizo ni nzuri, kwa mkono unaozimudu.

Kwa mkono usiozimudu kuna kitu cha zamani ambacho muuzaji hatakitaja kwa sababu kinauzwa rafu ya mazoezi: risasi bapa, wapiga shabaha wanaziita wadikata. Ni kipande cha risasi cha grani 148 kilichokatwa kichwa kama kizibo, kikaingizwa ndani ya ganda mpaka hakionekani. Ilitengenezwa kutoboa karatasi matundu ya mviringo safi ili mwamuzi ahesabu pointi bila ubishi. Inakwenda taratibu, kama mita 200 kwa sekunde, kwa hiyo bastola haikupigi. Haina tundu la kuziba, kwa hiyo jinzi haiisumbui. Haifunguki, kwa hiyo inapenya sentimita 30 na zaidi bila wasiwasi, na ule uso bapa unakata badala ya kusukuma pembeni. Ukinikuta mimi na rivolva ya alumini mfukoni, ndizo zilizomo.

Najua wapo watakaonirukia kwenye jambo la +P. Tofauti ya shinikizo ni ndogo, na bastola yoyote ya kisasa yenye alama hiyo inaibeba. Sibishi. Nasema tu kwamba kwenye gramu 410 mkono unaijua tofauti hiyo, na risasi ya pili inachelewa.

Sasa nimlete mama mmoja wa Tanga, anayeishi peke yake tangu watoto waoe, na ambaye vidole vyake vina baridi yabisi. Alikuja na mtoto wa dada yake. Bastola nyepesi alikuwa ameshaiazima kwa jamaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimeleta hii, yanitosha. Kama sijashika kitu."

"Tutaijaribu mama, lakini naomba uanze na hii ya chuma."

"Hiyo nzito."

"Nzito mkobani. Ukifyatua utaona tofauti."

Aliiona. Ila ilibaki shida nyingine ambayo haihusiani na kupigwa: triga. Rivolva hizi zisizo na nyundo ya nje zinafanya kazi yote kwa kidole. Ukivuta, unavuta nyundo, unazungusha silinda, unaachia, na kwenye bastola ndogo hiyo inaweza kuwa kilo tano na zaidi. Kidole cha mama kilifika katikati kikasimama. Mpwa wake, kijana wa kusoma mtandaoni, akasema basi achukue .22, kila mtu anasema .22 ni ya akina mama.

Hapo kuna mtego. Kweli .22 haipigi mkono, ni rahisi, na Ruger LCR ya .22 inachukua nane. Lakini risasi ya .22 haina kiwashio katikati. Baruti ya kuwashia imepakwa ndani ya ukingo wa ganda, na kuupiga ukingo huo mpaka uwake kunahitaji nyundo yenye springi ngumu. Kwa hiyo rivolva ndogo za .22 mara nyingi zina triga nzito kuliko ndugu zao wa .38. Na hata hivyo, risasi za ukingo zina kasoro ya kukataa kuwaka mara nyingi kuliko zile za katikati. Kwenye rivolva dawa yake ni kuvuta tena, silinda inaleta nyingine, sawa. Ila kuvuta tena ndiko kulikokuwa kunamshinda. Sizidharau .22. Federal walitoa mwaka 2021 risasi yao ya Punch, iliyotengenezwa ipenye badala ya kufunguka, na kwa mtu ambaye kidole kina nguvu lakini kiganja au kiwiko kinauma, ningemkubalia. Kwa mama huyu, hapana.

Kilichomfaa ni kaliba ambayo watu wameisahau mara mbili tatu na inarudi kila mara. .32 ni ya kale: Theodore Roosevelt alipokuwa akiongoza bodi ya polisi ya New York, mwaka 1896, aliwapa askari rivolva za Colt za .32. Baadaye .38 ikaifuta. Mwaka 1984 ikarudi kama .32 H&R Magnum, na mwaka 2007 ikapandishwa tena ikawa .327 Federal Magnum, yenye shinikizo la pauni 45,000, juu hata ya .357. Usiogope namba hiyo. Uzuri wa bastola ya .327 ni kwamba inapokea familia nzima iliyo chini yake: .32 H&R Magnum, .32 S&W Long, hata .32 S&W ya mwaka 1878 ukiipata. Unapanda ngazi kadiri mkono unavyokubali. Na kwa kuwa ganda ni jembamba, silinda ya ukubwa uleule inabeba sita badala ya tano.

Tulimjaribisha LCR ya .327, gramu 490 hivi, triga yake laini kuliko nyingi za ukubwa huo, ndani tukatia .32 S&W Long, nazo bapa. Alifyatua, akaniangalia, akauliza kama imefyatuka kweli. Zote sita zikakaa kifuani mwa karatasi. Mpwa akaniuliza kwa sauti ya chini, kama vile mama hasikii, kama hiyo risasi ina nguvu. Mama akamjibu yeye: "Nenda wewe ukasimame pale." Baada ya hapo alipanda kwenye .32 H&R Magnum na akabaki hapo.

Ubaya wa .32 niuseme. Haipatikani kila duka, bei ya boksi ni kubwa kuliko .38, na wakati wa uhaba inatoweka kwanza. Mwaka 2024 Smith & Wesson walirudisha .32 H&R Magnum kwenye rivolva zao ndogo za vyumba sita, na tangu hapo hali imekuwa nafuu kidogo, lakini anayeichagua anunue akiba yake mapema. .38 utaipata hata kwenye duka la vifaa vya uvuvi.

Milimita 9 kwenye rivolva nisiichelewe. Ni ya bei nafuu, na kwa mwenye bastola nyingine ya 9 inavutia kutumia risasi moja. Lakini ganda lake halina ukingo wa kutosha kushikiliwa na rivolva, kwa hiyo kwa kawaida unazipachika kwenye kipete cha chuma chembamba, na kipete kikipinda mfukoni silinda inakwama. Tena ile kasoro ya vichwa kung'olewa kwenye maganda inaipata 9 kwa urahisi zaidi. .44 Special ipo, Charter Arms wanatengeneza Bulldog tangu mwaka 1973, ni bastola ya mtu mwenye kiganja cha fundi seremala.

Msomaji mmoja wa Nakuru aliwahi kuniuliza kuhusu rivolva ya Kiingereza iliyokuwa ya babu wa mkewe, iliyoandikwa .38, kama itakula .38 Special. Kwanza kabisa ipelekwe kwa wenye mamlaka ya leseni, hilo halina mjadala. Lakini jibu la kiufundi ni hapana. Zile Webley na Enfield zilizokuja na polisi wa kikoloni zinatumia .38 S&W ya mwaka 1877, ganda fupi na nene kuliko la .38 Special, na risasi pana kidogo. Kuna nyingine zilichongwa baadaye ndani ya silinda ili zipokee .38 Special, hizo ndizo hatari zaidi, maganda yanavimba humo na kupasuka. Jina moja, risasi mbili zisizojuana.

Nyumba zetu hazikosi watoto: wajukuu, watoto wa jirani wa ghorofa ya chini, wageni wa Jumapili. Rivolva haina kitufe cha usalama. Ulinzi wake ni ule uzito wa triga, na mtoto wa miaka mitano anaweza kuutumia vidole vyote viwili vya gumba. Sheria ya Texas inamshika mwenye bastola akiiacha mahali ambapo mtoto wa chini ya miaka 17 anaweza kuifikia ikiwa imejazwa. Kisanduku kidogo cha chuma chenye namba za kubonyeza ni bei ya boksi mbili tatu za risasi, na mimi simfundishi mtu ambaye hajakinunua. Triga laini niliyoisifia hapo juu inazidisha haja hiyo.

Kabla hujaamua, omba uwanja wakukodishie. Wengi wanakodisha. Piga silinda moja na chochote unachokifikiria, bila haraka, mita tano. Ya pili, haraka kadiri unavyoweza kuziweka kifuani mwa karatasi. Ikiwa risasi za pili zinashuka chini au unajikuta ukikunja uso kabla ya mlio, shuka kaliba au panda uzito, na urudie. Wanaume, hasa vijana, hili linawahusu kuliko mnavyotaka kukiri.

Na ukiamua kubaki na zile bapa, kuna jambo dogo la kufahamu. Kichwa bapa hakijiongozi kuingia kwenye chumba cha silinda. Mikono ikitetemeka kinagonga ukingo na kukataa. Kwa hiyo bapa ziwe ndani ya bastola, na zile tano za akiba mfukoni ziwe za kichwa cha mviringo au chenye tundu, za uzito unaokaribiana, ambazo umeshazifyatua uwanjani kutoka kwenye bastola hiyohiyo na kuona zinapiga mahali pamoja. Mama wa Tanga anazibeba kwenye ukanda wa mpira, zimepangwa mbili mbili, kwenye mfuko wa mkoba ulio karibu na zipu.